Vijiti Vilivyokatwa Kinyume

Mgeni yule alipokuja mara ya kwanza hakuuliza bei ya shamba, na hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Kwetu Longonot, mtu akisimamisha gari kando ya ua wako na kuchungulia ndani, anatafuta ploti. Tumewazoea. Wanauliza kama hati iko tayari, wanauliza maji yako umbali gani, wanapiga udongo teke. Huyu alishuka, akavua kofia, akamsalimu mama yangu kwa adabu, kisha akasema ametoka Kikopey kula nyama na ameona mzabibu wetu akiwa barabarani.

Maneno hayo yalikuwa na makosa mawili, nami niliyaona yote kabla hajaketi. Kwanza, mtu aliyetoka kula nyama Kikopey hunuka moshi na mafuta hadi kesho yake, na huyu alinukia sabuni. Pili, mzabibu wetu hauonekani kutoka barabarani. Uko nyuma ya nyumba, kwenye nyaya alizovuta baba yangu kati ya tangi la maji na mgunga. Ili uuone lazima uwe umeambiwa kwamba upo. Njia ya mwongo ni fupi, nikajiambia, nikaenda kumpikia chai huku nikimtazama kupitia dirisha la jikoni.

Najua tabia yangu. Nilifanya kazi miaka kumi na minane katika shamba la maua kule Naivasha, nikaishia kuwa msimamizi wa wapogoaji, na kazi ya msimamizi ni kushuku. Nimewashuku wachungaji, nimewashuku mashemeji, nimemshuku hata daktari wa ng'ombe, na mara nyingi sikukosea. Mama ni kinyume changu. Yeye ni wa mgeni njoo mwenyeji apone. Amepita miaka sabini na bado anamwamini kila anayebisha hodi, ndiyo maana baba alipofariki niliacha kazi nikarudi kukaa naye. Mmoja wetu alipaswa kuwa macho.

Mgeni aliomba aonje zabibu. Vilikuwa vimebaki vichala viwili vitatu ambavyo ndege hawakuviona. Alichuma moja, akaipasua kwa ukucha, akaitazama ndani muda mrefu kabla ya kuitia kinywani. Zabibu nyingi nyeusi ni nyeusi ganda tu. Ukizipasua, ndani ni maji matupu. Zetu ni nyekundu hadi kwenye mbegu, na ukizishika zinakuacha na vidole vya mtu aliyetoka kuchinja kuku. Alifuta vidole kwa kitambaa cheupe, akakikunja lile doa likiwa ndani, akakirudisha mfukoni polepole. Sijawahi kuona mtu akitunza doa.

"Hii mzabibu ilitoka wapi, mama?" akauliza.

"Ni ya mzee wangu," mama akasema. "Alipanda yeye."

Jibu lilikuwa fupi kuliko kawaida ya mama. Mtu mwingine angepewa hadithi nzima, ile niliyoisikia tangu utotoni. Wakati wa vita vya wazungu, wafungwa Waitaliano waliletwa kuchonga barabara ya mteremko wa Mai Mahiu, ndio hao waliojenga lile kanisa dogo ambalo wasafiri husimama kulipiga picha. Mmoja wao, baba alisema, alikuwa na vijiti vya mzabibu wa kwao, wa divai nyekundu, uliolimwa na babu zake tangu enzi na enzi. Babu yangu alimpa maziwa, naye akampa babu vijiti. Mimi nisiyeamini kitu niliiamini hadithi hiyo kabisa. Sikuwahi hata kuuliza mzabibu wa babu ulikuwa umesimama wapi.

Niseme kidogo kuhusu kuulima, maana huko ndiko nilikojifunza kila kitu ninachojua. Mzabibu wa divai ni mmea wa nchi zenye baridi kali. Kwao majani hupukutika, mti ukalala miezi, kisha ukaamka wenyewe. Hapa kwetu, jua likichomoza saa ileile mwaka mzima, hakuna wa kuuambia ulale. Ukiuacha utatoa ua huku, tunda kule, jani jipya juu ya jani kuukuu, mpaka uchakae. Kwa hiyo sisi huulaza kwa nguvu. Tukishavuna tunaunyima maji kwa wiki kadhaa. Kisha tunang'oa majani yote kwa mkono, moja moja, na jirani asiyejua akipita hudhani tumerukwa na akili. Mwisho tunapogoa, kila tawi tunaliachia macho mawili tu ya kuchipua, tunamwagilia, tunangoja. Baada ya siku kumi hivi macho yanavimba na kulia utomvu. Udongo wetu ni jivu la mlima na vijiwe vyepesi vinavyoelea ukivitia majini. Mahindi yanauchukia, lakini mzabibu unaupenda.

Zabibu zikiiva, mama huzikamua na kuchemsha maji yake siku hiyohiyo, yasije yakageuka pombe, maana kanisa letu halitaki hata kusikia pombe ikitajwa. Wazee wa kanisa huja kuyachukua kwa ajili ya Meza ya Bwana, na makanisa jirani nayo huomba. Ndivyo mzabibu wa divai ulivyokaa kwetu zaidi ya miaka arobaini bila kutoa tone la divai. Kwa mama, mti huo ndio baba aliyebaki. Kwangu ulikuwa kitu kimoja nilichoapa kwamba hakuna mjanja atakayekigusa.

Baada ya wiki tatu yule bwana alirudi na gunia, akaomba vijiti vya kupanda. Tulikuwa ndio tumeanza kupogoa. Nilimuuliza anaishi wapi, akasema Rhonda, kule Nakuru. Nimefika Rhonda. Watu wamebanana, mwenye bahati hupanda sukuma wiki ndani ya gunia.

"Sasa mzabibu utaupanda wapi huko?" nikamuuliza.

"Nitapata tu place, dada."

Mama akasema apewe. Hapo lilitokea jambo lililonikosesha raha zaidi. Mama alitulea na mwiko mmoja: ukipewa kitu cha kupanda, usiseme asante, la sivyo hakitashika. Wageni wote hukosea hapo, hushukuru, na mama huwakemea huku akicheka. Huyu alipoambiwa atapewa aliinamisha kichwa tu, kimya. Mama alimtazama sana. Nami nikajiuliza ni nani aliyemfundisha desturi za nyumbani kwetu.

Niliogopa, sitaficha. Nilisikia kuhusu makampuni yanayokusanya mimea ya wakulima na kuisajili, kisha unaambiwa mti wa baba yako si wako. Nikamwambia aketi anywe chai, vijiti nitamkatia mwenyewe.

Kijiti cha mzabibu kikishakauka kidogo ni vigumu kwa mtu wa kawaida kujua kichwa ni kipi na miguu ni ipi. Kwa hiyo wenye kazi wana kanuni: chini unakata bapa, sawasawa, na juu unakata mshazari. Anayepanda mamia kwa siku hahitaji hata kutazama, mkono unajua. Baba alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma. Siku hiyo nilikata vijiti thelathini, na vyote thelathini nilivikata kinyume. Nikavifunga kwa kamba ya katani.

"Huu upande umekatwa sawasawa ndio unaingia kwa udongo," nikamwambia. "Unakaa vizuri."

"Sawa, dada," akasema, akaondoka navyo amevikumbatia.

Kijiti kilichopandwa kichwa chini hakifi mara moja. Kinakula akiba yake, pengine kinasukuma kijani kidogo kumdanganya aliyekipanda, kisha kinakauka. Niliona nimemaliza kesi. Mama aliniuliza kama nimemkatia vizuri, nikasema vizuri sana.

Lakini mama hakuiacha habari hiyo. Kila baada ya siku chache aliuliza, "Vile vijiti vya yule mtu, vilishika?" Aliuliza kwa sauti ya kuulizia mgonjwa. Sikumwelewa, na mimi nisipoelewa kitu silali. Miezi miwili ilipopita nikamwambia naenda Nakuru kununua dawa ya ukungu, nikaenda Rhonda kutafuta ni nani aliyemtuma yule bwana.

Kumpata hakukuwa kazi. Alikuwa ameniambia anatengeneza masanduku ya mabati, yale ya wanafunzi wa bweni, na mafundi wa masanduku hujitangaza kwa kelele. Karakana yake ilikuwa kibanda mbele ya nyumba ya vyumba viwili. Kando ya ukuta kulikuwa na mikebe ya rangi iliyojazwa udongo, imepangwa mistari mitatu, na katika kila mkebe kijiti. Nilivipitia kwa macho haraka. Vitatu au vinne vilikuwa vimekufa. Vingine vyote vilikuwa na majani mapana, yenye afya, yanayotazama juu.

Kando ya mikebe alikuwa ameketi mzee mkongwe, blanketi magotini, macho yake yote mawili yamefunikwa na utando mweupe. Yule bwana, fundi mwenyewe, akaweka nyundo chini. Hakushangaa kuniona.

"Ni nani?" mzee akauliza.

"Ni yule msichana wa Longonot, baba. Yule wa vijiti."

Nina karibu miaka hamsini, lakini mbele ya mzee huyo nilikuwa msichana kweli.

"Vilikuwa vinakufa," fundi akaniambia. "Nilipanda vile uliniambia. Ni mzee alikuja kushika kimoja na kidole."

Mzee akanyoosha mkono, akagusa kijiti kilichokuwa karibu naye. "Jicho ya mzabibu inakaa juu ya kovu ya jani," akasema. "Hata kipofu anajua. Nikashika ya kwanza, iko kichwa chini. Nikasema ni makosa. Nikashika ya pili, kichwa chini. Nikaambia huyu anipatie zote, moja moja, nikageuza." Akapumzika kidogo. "Mtu hajui kazi, anakosea zingine, zingine anapatia. Huyu alikosea zote. Huyu anajua kazi."

Nimewahi kukemewa na mameneja mbele ya wafanyakazi mia. Hakuna siku niliyoona haya kama hiyo.

"Nani alikufunza?" akauliza.

"Baba yangu."

"Na yeye?"

Nikamwambia habari ya Mwitaliano na maziwa. Mzee alicheka, si kwa ubaya. "Hata mzungu wetu alikuwa anasema alipewa na Mwitaliano. Pengine ni ukweli. Hii mti, kila mtu alipewa na Mwitaliano."

Ndipo fundi akaniletea kibao nikaketi, akanieleza. Zamani baba yake alikuwa nyapara wa kitalu katika shamba la mzungu mmoja kando ya ziwa Naivasha. Mzungu huyo alikuwa na mzabibu wenye zabibu nyekundu hadi ndani, na aliuonea wivu kupita mke. Hakutaka uote popote ila kwake. Matawi yaliyopogolewa yalichomwa moto kila jioni, nyapara akiwa amesimama hapo, na wafanyakazi walipekuliwa getini hadi kwenye nyayo. Msimu mmoja fungu la vijiti lilipotea kitaluni. Ufunguo alikuwa nao nyapara. Alifukuzwa siku hiyohiyo na familia yake, bila barua ya kumsifia kazi, na bila barua hakuna shamba lililomchukua katika bonde zima. Ndipo wakaja Rhonda.

"Watu wa rika yake bado wanamwita mwizi wa zabibu," fundi akasema. "Hata kwa matanga. Wanacheka, lakini wanaita."

Alitupata kwa njia rahisi sana. Kulikuwa na mkutano wa makanisa Gilgil, kikombe kikamwagikia kitambaa cheupe cha meza, na akina mama wakalalamika kwamba doa la maji ya zabibu ya Longonot halitoki. Akauliza ni ya nani.

"Na Kikopey?" nikamuuliza.

"Kama ningesema natafuta nini, ungenifungulia geti?" akasema. "Dada, hatutaki shamba. Hatutaki kitu. Mzee anataka tu mtu aseme si yeye."

Mzee aligeuza uso upande wangu. "Baba yako alikuwa anafanya kazi hapo?"

Nikasema sijui. Nilijua. Baba alifanya kazi kwa mzungu kando ya ziwa, alikuwa mpogoaji, na mtu hajifunzi kupogoa mzabibu kwa kumpa mfungwa maziwa.

Niliporudi Longonot nilimkuta mama barazani akichambua maharagwe. Nilikuwa nimepanga maneno njiani ili nisimuumize. Nilianza mbali, nikasema binadamu hukosea, hata mtu mwema kama baba. Mama aliendelea kutupa vijiwe kando, kisha akanikatiza.

"Si baba yako," akasema. "Ni mimi."

Baba alikuwa amekata vijiti na kuvificha chini ya majani makavu, akakosa ujasiri wa kuvitoa. Wanaume walipekuliwa. Mama alivichukua, akavilaza mgongoni mwake, akanilaza mimi juu yavyo, akafunga leso. Nilikuwa na miezi minne. Nyapara alipofukuzwa, baba alitaka kwenda kusema ukweli, na mama ndiye aliyemshika mkono, kwa sababu walikuwa na nyumba ya shamba tu na mtoto mchanga. Ile hadithi ya Mwitaliano waliitunga pamoja baadaye, walipopata hisa ya hili shamba letu na majirani wakaanza kuuliza. Yule fundi, mama alimtambua siku ya kwanza. Alimjua akiwa mvulana wa kuchota maji, na ana paji la uso la baba yake; hata ule mwiko wa asante wote waliupata kitaluni kule.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Wewe?" Alinitazama bila hasira. "Ungeniangalia vile unaangaliaga watu."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema utafanya nini ukigundua kwamba nguo yenyewe ni leso ya mama yako, na uliyekuwa ndani ni wewe. Kwa wiki nzima nilifanya ninachojua kufanya. Nilimwambia tungoje, tusikimbilie, huenda wana wakili, huenda watadai shamba. Mama alinisikiliza hadi Ijumaa. Jumamosi alivaa nguo zake za kanisani, akasema anaenda Rhonda, na kwamba naweza kubaki nikilinda mzabibu nikitaka.

Nilienda naye. Tulipofika, mzee alikuwa palepale kando ya mikebe. Mama hakutaka kuketi. Alisimama mbele yake, mkoba ameushika kwa mikono miwili.

"Mzee, ile mizabibu nilitoa mimi," akasema. "Haikuwa wewe."

Mzee alimgeuzia sikio. Kisha akasema, "Rudia. Hii sikio haisikii vizuri." Mama akarudia. Mzee akamwambia mwanawe aite majirani. Wakaja: mama anayeuza mboga mkabala, mchomeleaji akiwa bado na miwani yake ya giza, mwanamke aliyekuwa akianika nguo. Hapo nilisogea mbele. Nilijua sasa mzee anataka kumwaibisha, nikafungua kinywa, lakini mama alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Akasema mara ya tatu, kwa sauti ya juu, akimtaja mzee kwa majina yake yote.

"Ulipitisha aje?" mzee akauliza. "Mimi mwenyewe nilikuwa getini hiyo siku."

Hili mama hakuwa ameniambia. "Ulikuwa," akasema. "Askari alisema nifungue leso. Wewe ukamwambia aniache nipite, niko na mtoto mchanga."

Mchomeleaji alivua miwani yake. Mzee alikuwa akitikisa kichwa taratibu, kama anayesikiliza kitu cha mbali.

"Nakumbuka," akasema. "Kulikuwa na baridi. Huyo mtoto alikuwa mdogo sana."

Akauliza kama mtoto mwenyewe ndiye mimi, mama akasema ndiye. Akanyoosha mkono, nikampa wangu. Alipapasa vidole vyangu, akafika kwenye sugu za makasi, akatua hapo kidogo kabla ya kuniachilia. Nilingoja aseme ametusamehe. Nilitaka sana aseme, hata kama singeamini. Hakusema. Alimwambia mwanawe amletee mama kiti.